Bosi Akiposa, Nani Atasema Hapana?



Mwezi huu ukurasa wetu wa ndoa unaanzia mahali ambapo pengine hamkutazamia, yaani kwenye sinema. Msishtuke. Bwana wetu alifundisha kwa habari za mama aliyepoteza sarafu na za wakili mjanja aliyefutwa kazi (Luka 15 na 16), nami nadhani baadhi ya wasikilizaji wake walicheka. Nasi twaweza kupata fundisho katika kichekesho kilichotengenezwa Marekani mwaka wa 2009, kiitwacho The Proposal, yaani Posa. Aliyekiongoza ni mama Anne Fletcher, na wachezaji wakuu ni Sandra Bullock na Ryan Reynolds. Vijana wengi wamekiona, na wazazi wengi wamekiona pamoja nao sebuleni. Kina sehemu moja au mbili ambazo afadhali watoto wawe wamekwisha kulala. Lakini ndani yake mna swali zito kuhusu ndoa, na mara nyingi swali hilo hupita watu wakiwa bado wanacheka.

Kisa chenyewe ni hiki. Margaret Tate ni mhariri mkuu katika kampuni ya vitabu mjini New York. Wafanyakazi wanamwogopa kupita kiasi. Akionekana tu anaingia, ujumbe hupitishwa kwenye kompyuta, na kila mtu huinamisha kichwa ajifanye ana kazi nyingi. Msaidizi wake, Andrew Paxton, amemtumikia miaka 3. Kijana huyu ana ndoto ya kuwa mhariri siku moja, na kwa ajili ya ndoto hiyo amekubali kuwa mtumwa. Hata kahawa yake anaiagiza iwe ya aina ileile anayokunywa bosi, ili ya bosi ikimwagika asubuhi ampe yake. Shikeni habari hiyo ya kahawa, tutairudia.

Siku moja Margaret, ambaye ni raia wa Kanada, anaitwa na wakubwa wake na kuambiwa kwamba ombi lake la kibali limekataliwa. Lazima aondoke Marekani, na kazi yake atapewa mtu mwingine. Wakati huohuo Andrew anaingia mlangoni kuleta ujumbe. Margaret anamtazama, anapata wazo, na palepale anatangaza kwamba yeye na Andrew wanaoana! Kijana wa watu amesimama kinywa wazi. Hakuulizwa. Baadaye, wakiwa peke yao, anaelezwa mambo yalivyo: bosi akiondoka, naye kazi yake imekwisha, na ndoto yake pamoja nayo.

Wanakwenda ofisi ya uhamiaji. Ofisa aliyepo si mjinga. Anawaambia kwamba ndoa ya uongo ni kosa la jinai, na Andrew anaweza kufungwa miaka 5 na kutozwa faini ya dola 250,000. (Hapo sinema haikutia chumvi. Sheria ya Marekani ndivyo inavyosema.) Ndipo Andrew anapogundua kwamba sasa naye ana kitu mkononi. Anataja bei yake: apandishwe cheo awe mhariri, na kitabu alichokipendekeza kichapishwe. Bosi anakubali. Kisha, barabarani, katikati ya wapita njia, Andrew anamwambia apige magoti na kumposa vizuri kwa maneno ya adabu. Na yule mama mkali, mwenye sketi ya kubana na viatu virefu, anapiga magoti kwenye lami.

Watu wote hucheka hapo. Kwetu ni vijana wa kiume na wazee wao wanaokwenda kuposa, na hata huko Marekani watu wamezoea kumwona mwanamume ndiye aliyepiga goti. Tena bosi amekuwa mwombaji, na karani amekuwa bwana. Dunia imepinduka juu chini, na kitu kilichopinduka huchekesha.

Sasa nawaomba mfanye jambo moja. Igeuzeni sinema hiyo. Bosi awe mwanamume wa makamo, na msaidizi awe binti wa miaka 24 aliyepata kazi juzi baada ya kutafuta kwa muda mrefu, anayelipa karo ya wadogo zake wawili. Bosi afunge mlango na kusema: utaolewa nami, la sivyo kazi huna. Nani angecheka? Hata mmoja asingecheka. Tungenyamaza sote, kwa sababu jambo hilo tumekwisha kulisikia, na si katika sinema. Kwa hiyo kinachotuchekesha ni mavazi tu. Chini ya mavazi hayo kuna jambo lilelile: mtu aliyeshika mkate wa mwenzake anamwuliza kama anampenda.

Hofu na bei

Kanisa linafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wanaooana. Si padri anayeifanya, wala si mahari au cheti. Sheria ya Kanisa inasema hivyo katika kanuni ya 1057, na kuongeza kwamba hakuna mamlaka yoyote ya binadamu iwezayo kuweka kitu kingine mahali pa ridhaa hiyo. Askofu hawezi, mzazi hawezi, Rais hawezi. Na Katekismu, katika namba ya 1625, inaeleza kwamba mtu huru ni yule asiyelazimishwa na asiyezuiwa na sheria ya maumbile au ya Kanisa.

Basi tazameni ile "ndiyo" ya Andrew ilivyokuwa. Ilianza kwa hofu, ikamalizikia kwa bei. Kwanza alitishwa, halafu akauza. Kanuni ya 1103 yasema kwamba ndoa iliyofungwa kwa nguvu, au kwa hofu kubwa iliyotoka nje, mtu akaiona ndoa kuwa ndiyo njia pekee ya kuokoka, ni batili. Na kanuni ya 1101 yasema kwamba mtu akitamka maneno ya ndoa kwa mdomo huku moyoni ameikataa ndoa yenyewe kwa makusudi, hajaoa wala kuolewa. Hata kama kwaya iliimba vizuri, picha zikapigwa, na keki ikakatwa na kugawiwa mpaka kwa mabibi wa nyuma kabisa.

Hiyo ndiyo sababu, wachumba, paroko wenu huwahoji mmoja mmoja kabla ya arusi, mwingine akingoja nje. Wengine hukasirika, hudhani padri anawachunguza kama polisi. La. Anataka tu kuisikia "ndiyo" yako ukiwa peke yako, pasipo mtu wa kukukonyeza. Na ukitaka kusema "hapana", chumba kile ni mahali pa kuisemea, kabla kadi hazijachapishwa. Serikali nayo inafikiri vivyo hivyo: Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inaihesabu kuwa batili ndoa ambayo ridhaa ya mmoja haikutolewa kwa hiari.

Nirudi kwenye kahawa. Kijana ambaye hata kinywaji chake hakichagui kwa ulimi wake bali kwa ulimi wa bosi, ataijuaje "ndiyo" yake iliyo yake mwenyewe? Hapo waandishi wa kichekesho waligusa jambo la kweli kabisa. Mtu aliyezoea kukubali kila kitu kazini, kuanzia chai mpaka kubaki ofisini usiku, hupoteza sauti yake kidogo kidogo. Siku akiulizwa swali kubwa la maisha hujibu kwa mazoea, "Ndiyo, mkubwa."

Jambo lingine nalipenda zaidi. Wakiwa safarini kwenda Alaska, nyumbani kwa kina Andrew, wanajiandaa kwa maswali ya ofisa wa uhamiaji: huyu anapenda nini, anachukia nini, ana mzio wa chakula gani. Andrew anajua kila kitu kuhusu Margaret. Margaret hajui lolote kuhusu Andrew. Miaka 3 ameletewa kahawa na mtu huyo na hajui kwao ni wapi. Anapofika mji wa Sitka ndipo anapotambua kwamba maduka mengi ya pale ni ya jamaa hiyo, na kwamba msaidizi wake alikuwa na nyumba kubwa ya kurudi wakati wowote. Mtumishi humjua bwana wake, kwa maana ndiyo kazi yake. Bwana hana haja ya kumjua mtumishi. Lakini ndoa haiwezi kusimama kwa mmoja kumjua mwenzake na mwenzake asimjue. Wewe mwajiri unayesoma ukurasa huu, yule anayekupikia au kukuandikia barua, je, unajua mama yake anaitwa nani?

Labani na Boazi

Maandiko Matakatifu yana habari mbili za ndoa zilizotokea kazini, na ni vizuri tuziweke pamoja.

Ya kwanza ni ya Labani, katika Mwanzo 29. Yakobo alifika kwake mikono mitupu, akafanya kazi ya kuchunga miaka 7 kwa ajili ya Raheli. Labani aliona amepata mfanyakazi hodari, tena wa bei nafuu. Usiku wa arusi akamwingiza Lea badala ya Raheli, na Yakobo akalazimika kufanya kazi miaka 7 mingine. Sisi huwa tunamhurumia Yakobo aliyedanganywa. Mimi namhurumia zaidi Lea. Katika habari yote ile hakuna anayemwuliza neno. Baba yake alimtumia kama kamba ya kumfungia kibarua. Someni aya za mwisho za sura hiyo muone majina aliyowapa watoto wake wa kwanza: karibu kila jina ni mama anayetumaini kwamba sasa, labda sasa, mume wake atampenda. Ndoa ya hila daima ina mtu wa tatu anayelipa, ambaye hakuwapo wakati wa mapatano.

Ya pili ni ya Ruthu, na ni kitabu kizima, ingawa ni sura 4 tu. Ukikisoma kwa utulivu utaona kwamba nacho ni kisa cha mapenzi ya ajabu mahali pa kazi. Mwanamke ni mjane, ni mgeni kutoka Moabu, hana kitu. Mwanamume ni tajiri wa Bethlehemu, mwenye shamba la shayiri. Na ni mwanamke anayeposa! Wale wanaodhani jambo hilo lilianza New York, wafungue sura ya 3, waone Ruthu akishuka usiku kwenye uwanja wa kupuria na kumwomba Boazi amfunike kwa nguo yake, maana yake amwoe.

Lakini tazameni Boazi alifanya nini kabla ya usiku huo. Siku ya kwanza tu aliwaamuru vijana wake wasimguse. Alimruhusu kunywa maji yaliyotekwa na watumishi. Alimkaribisha kula, akala akashiba na kusaza. Kisha kwa siri aliwaambia wavunaji waangushe masuke kwa makusudi, ili aokote bila kuona haya. Jioni Ruthu alirudi kwa Naomi na nafaka karibu debe zima. Na kwa hayo yote Boazi hakudai kitu. Chakula cha Ruthu kilikuwa salama kwanza, hata kama asingemtazama Boazi tena maisha yake yote. Mapenzi yalikuja baadaye, na yalimkuta mwanamke aliyekwisha kushiba, anayeweza kusema atakavyo.

Na Ruthu alipoposa, Boazi hakujinufaisha kwa giza la usiku. Alimwambia wazi kwamba yuko jamaa wa karibu zaidi mwenye haki kabla yake. Asubuhi alikwenda langoni pa mji, akaketi mbele ya wazee 10, akamwita yule jamaa, na jambo likazungumzwa hadharani mpaka kiatu kikavuliwa kama ushahidi. Hakuna kona, hakuna mlango uliofungwa. Kutoka kwa ndoa hiyo alizaliwa Obedi, babu yake Daudi, na Mathayo anamtaja Ruthu kwa jina katika ukoo wa Bwana wetu.

Mwajiri mmoja alitumia mkate kama mtego. Mwingine alitoa mkate kwanza na kuuondoa kabisa katika mazungumzo. Sinema yetu inaanza na Labani. Je, inamfikia Boazi?

Pale mbele ya madhabahu

Kule Sitka, familia inasherehekea siku ya kuzaliwa ya bibi yake Andrew, ambaye anatimiza miaka 90. Wanampokea Margaret kama binti yao. Bibi anamtengenezea vazi lake la arusi na kumpa mkufu wa ukoo, uliorithiwa vizazi vingi. Wanashauri arusi ifungwe hapohapo, mwisho wa juma. Mkufu huo ndio unaomchoma Margaret. Alizifiwa na wazazi akiwa na miaka 16, na amesahau kabisa ladha ya kuwa na watu. Alidhani anamdanganya ofisa mmoja wa serikali. Sasa anaona anamdanganya bibi kizee.

Wanaoita jambo hili "makaratasi tu" wapafikirie hapo. Kwetu hakuna posa isiyogusa watu. Wazee wamevaa kofia zao wamekwenda nyumba ya watu, mbuzi wamechinjwa, mama ameshona kitenge, jumuiya ndogo ndogo imechanga. Shangazi wamempa binti jina la ukoo. Hao wote umewaingiza katika uongo wako bila kuwauliza, kama Labani alivyomwingiza Lea.

Siku ya arusi inafika. (Anayefungisha ndoa ni bwana mmoja aitwaye Ramone, ambaye tayari tumemwona akiwa mhudumu wa karamu, mwenye duka, na kazi nyingine ambayo sitaitaja katika gazeti la familia. Makatekista wetu wanaopiga kengele, kuongoza kwaya na kuuza mishumaa wataelewa.) Watu wameketi. Ofisa wa uhamiaji naye yupo. Andrew yuko tayari, amekwisha kukataa nafasi ya kumsaliti Margaret ili ajiokoe. Ndipo Margaret anapowageukia wageni na kusema ukweli wote: kwamba yeye ndiye aliyemtisha kijana huyu, kwamba lawama ni yake, na kwamba hakuna arusi. Kisha anaondoka. Anapewa saa 24 za kurudi kwao Kanada.

Ndugu zangu, hapo ndipo mapenzi yanapoanza katika sinema hiyo, na si kwenye busu. Tendo la kwanza la upendo ambalo mama huyu alimtendea Andrew lilikuwa kumfungua. Alimrudishia "ndiyo" yake. Alijua itamgharimu kazi, nchi, na huenda kijana mwenyewe. Tangu dakika hiyo si bosi wake tena, hana tena la kumtishia wala la kumnunulia. Na kwa sababu hiyo, Andrew anapomfuata mpaka ofisini New York na kumwomba waoane, mbele ya wafanyakazi wote, neno lake lina uzito. Ni mtu huru anayeomba.

Sitasema kila kitu kimenyooka. Wameishi siku 3 tu nje ya kazi, na mara wanarudi kwa ofisa wa uhamiaji wakisema sasa ni kweli! Sinema ina saa mbili, ni lazima ikimbie. Sisi hatuna haraka hiyo. Serikali yenyewe inataka ilani ya siku 21 kabla ya ndoa ya kiserikali, na Kanisa linatangaza majina Jumapili baada ya Jumapili na kuwafundisha wachumba kwa majuma kadhaa. Kama nilivyowaona wale wawili, ningewaambia: pendaneni, lakini kwanza Andrew atafute dawati mahali pengine, na mwaka ujao tuonane.

Na wewe uliye kazini?

Kupendana na mtu wa kazini si dhambi. Watu wa siku hizi hukaa kazini saa nyingi kuliko mahali pengine popote, na walimu wengi wameoana na walimu, wauguzi na wauguzi. Wakiwa wote huru na wa cheo kimoja sina la kuongeza, ila wasifanye dawati kuwa baraza.

Mmoja akiwa juu ya mwenzake, hapo mambo ni mengine. Mzigo wote ni wa aliye juu. Ajiulize: huyu akinikataa leo, kesho atakuja kazini kwa amani? Kama jibu ni hapana, bado hujapata haki ya kumwuliza. Omba kwanza uhamishwe, au mambo ya kupandishwa kwake cheo na likizo zake yashughulikiwe na mtu mwingine. Zungumza naye mchana, mahali penye watu. Akisema hapana, iishie hapo, na mshahara wake usipungue hata shilingi. Kwa yule aliye chini nasema: huna deni. Aliyekupa kazi alikupa kazi, na unamlipa kwa kuifanya. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 6, inakataza mwajiri au mkubwa kumtaka mfanyakazi kimapenzi kwa ahadi ya upendeleo au kwa kitisho, na kila mwajiri mwenye watu 20 au zaidi yampasa awe ameandika kanuni za kuzuia jambo hilo. Uliza kanuni hizo ziko wapi. Andika tarehe na maneno uliyoambiwa. Mwambie mtu unayemwamini.

Kama bosi huyo ana mke au mume, sina maneno mengi. Wale wanaoitana "mke wa ofisini" na "mume wa ofisini" kwa utani wamkumbuke yule wa nyumbani ambaye hacheki.

Naja kwa ndoa ya makaratasi, kwa maana ndiyo niliyoulizwa zaidi. Kijana anaambiwa na rafiki: funga ndoa na fulani aliye ng'ambo, ukipata kibali mnaachana, kila mtu na njia yake. Hoja yao ni kwamba Mungu anaangalia moyo, na moyoni hakuna ndoa. Ndiyo, moyoni hakuna ndoa, na ndiyo maana mdomoni pana kiapo cha uongo mbele ya Mungu. Huwezi kuutumia moyo kuusafisha mdomo. Tena watu hawa hawajui wanachojifunga nacho. Anayeshika karatasi zako ameshika mkate wako, kama Margaret alivyoushika wa Andrew. Akikasirika anaweza kukutoa katika nchi kwa simu moja. Hata kwetu hapa Kenya, Katiba ya mwaka wa 2010 inampa mgeni aliyeoana na raia haki ya kuomba uraia baada ya miaka 7, lakini sheria inataka ndoa iwe haikufungwa kwa ajili ya kupata hadhi hiyo.

Na kama umekwisha kufanya? Usikae mbali na Kanisa kwa haya. Nenda kwa paroko wako, umweleze yote kama Margaret alivyoeleza, bila kumtupia mwingine lawama. Mambo ni ya namna mbili. Kama ulikwenda kwa msajili wa serikali tu, bila ruhusa ya Kanisa, basi kwa Kanisa hukufunga ndoa. Hata hivyo, kwa serikali wewe ni mwenye mke au mume, na huwezi kuoa mwingine kanisani mpaka mahakama ya serikali iivunje ndoa hiyo, la sivyo ni kosa la jinai. Kama ndoa hiyo ya uongo ilifungwa kanisani, itachukuliwa kuwa halali mpaka mahakama ya Kanisa katika jimbo iamue vinginevyo. Utaandika ombi, utataja mashahidi, watu waliojua mapatano yenu wakati ule, na kama kuna barua au ujumbe wa simu unaoonyesha kusudi lenu, uutunze. Papa Fransisko mwaka wa 2015 alipunguza safari hiyo: zamani hukumu ilihitaji kuthibitishwa na mahakama ya pili, siku hizi hukumu moja yatosha kama hakuna aliyekata rufani. Na msiogope gharama. Aliagiza kadiri iwezekanavyo huduma hiyo itolewe bure, na asiye na kitu aseme tu hana.

Unapokwenda, chukua cheti cha ndoa hiyo, hati ya talaka kama imekwisha kutolewa, na cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia uliyobatizwa, kilichoandikwa ndani ya miezi 6.